Sana ya Jabez Pannell

Medali tatu za Jabez Pannell zilining'inia nyuma ya mlango wa jiko la mama yake kule Gosport, kwenye ndoano moja na upawa, chujio na kitambaa cha kufutia vyombo. Ya kwanza aliipata Uhabeshi, alikopanda milima na makombora mgongoni mpaka malengelenge yake yakaota malengelenge mengine. Ya pili ilitoka Ashanti, pamoja na homa iliyokuwa ikimrudia kila mwaka kama shangazi asiyealikwa. Ya tatu ni ya vita vya Wazulu, nayo ina picha ya simba aliyeinama, utadhani anatafuta kiatu chini ya kitanda. Safari zote tatu Jabez alikwenda kupigana na watu ambao hawakuwahi kumkosea hata kwa neno, na siku alipouliza kisa cha ugomvi aliambiwa afunge mdomo abebe mzigo.

Baharia mwingine angezivaa hizo medali hata kwenda kununua samaki. Jabez hakuthubutu, kwa sababu mama yake hakutaka kuziona. Bi Keturah Pannell alikuwa mjane mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti, muumini wa kanisa dogo la Wamethodisti pale mtaani. Sebuleni mwake, ukutani juu ya moto wa makaa, palikuwa na kadi yake ya ahadi ya kutogusa kileo maisha yake yote, ameitia saini kwa mkono wake mwenyewe na kuiweka kwenye fremu. Kando ya kadi palikuwa na msumari wa shaba usio na kitu. Huo msumari aliusugua kila Jumamosi mpaka ukamweka mgeni katika hali ya kutaka kuuliza, na mgeni akiuliza alijibiwa.

"Ni wa medali ya mwanangu."

"Kwani hana medali?"

"Anazo za kupigwa risasi. Kupigwa risasi hata kuku anaweza. Nangoja ile ya tabia njema."

Medali ya utumishi mrefu na tabia njema ni kitu cha ajabu. Haitaki ushujaa hata chembe. Inataka miaka kumi mfululizo ya kutofanya jambo lolote la kusimuliwa. Kila tarehe thelathini na moja ya Desemba nahodha wa manowari hukaa mezani na vyeti vya mabaharia wake, akaandika tabia ya kila mtu kwa mwaka ule. Wengi huandikiwa Nzuri. Kwa mtu wa nchi kavu Nzuri ni sifa, lakini kwa baharia anayetafuta medali, Nzuri ni msiba. Inayohesabiwa ni Nzuri Sana. Ukiikosa hiyo Sana mara moja, hata mwaka wa kumi, unarudi kuanza moja.

Na Jabez alikuwa ameikosa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Malta, Desemba ya mwaka 1876, zimebaki wiki tatu tu miaka kumi itimie. Mkuu wa sitaha, Bwana Crabb, alikuwa na ndevu ndefu zilizochongoka na sauti ya kutetemeka, na Jabez siku hiyo alikutana sokoni na mbuzi mwenye vyote viwili. Angefanyaje? Alimnunua. Kesho yake asubuhi mabaharia walipopangwa mstari kukaguliwa, mbuzi alikuwemo, amevaa koti la akiba la Bwana Crabb na kofia yake. Jina la Crabb likaitwa. Mbuzi akaitika kabla ya mwenyewe. Maafisa walicheka mpaka mmoja akashikilia mlingoti, lakini Crabb hakucheka, na mwisho wa mwezi cheti kikaandikwa Nzuri.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1879, karudi kutoka Uzulu akiwa mzima, na furaha ya kuwa mzima ikampanda kichwani. Alitoka likizo amelewa chakari, akapanda mashua, akamwambia mwenye mashua, "Nipeleke melini." Yule naye akampeleka melini. Kwa ndani manowari zote ni moja. Jabez akashuka ngazi zile zile, akahesabu ndoano zile zile, akaning'iniza kitanda cha bembea kwenye ndoano yake ya kumi na saba, akalala fofofo. Alipoamka alikuwa katikati ya bahari, kwenye meli ya watu wengine, anaelekea Plymouth. Kwa aibu akajitia kufanya kazi. Alisugua sitaha, akashona matanga, akafundisha watu kufunga fundo ambalo hawakulijua, na baada ya siku nane akarudishwa na barua ya nahodha wa kule ikimsifu kwa bidii. Nahodha wake aliisoma ile barua mara mbili. Kisha akachovya kalamu akaandika Nzuri.

"Sana yako umeidondosha wapi tena, we mtoto?" Bi Keturah alimuuliza. Mtoto alikuwa na miaka thelathini na moja na ndevu.

Basi kuanzia Januari 1880 Jabez akawa mtu mwingine, na mimi nasema alikuwa anachosha. Ramu yake ya kila siku aliwagawia wenzake kwa zamu, yeye akinywa kakao. Akipanda mashua humuuliza mwenyewe jina la meli mara tatu. Akimwona mbuzi hugeuza uso. Wakubwa nao walimweka kwenye meli za bandarini na za mafunzo, hakuna vita wala mambo makubwa, na kila Jumapili alimwandikia mama yake barua kuhusu soksi. Ipi imetoboka, ipi ameshona, ipi imepotea. Akapanda cheo, akawa mshika usukani, akapewa nafasi kwenye Meza ya Kumi na Nne, meza ya wakongwe kumi na wawili wa manowari *Griselda*.

Mwezi wa Novemba 1889, *Griselda* ikiwa imetia nanga Portsmouth, Jabez alivuka kwa kivuko kwenda kumwona mama yake. Akamkuta kwenye kiti, shali mabegani, kikohozi kinamtikisa. Alikuwa na miaka sabini na minane na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Umebakisha siku ngapi?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Arobaini na moja, Mama."

"Kifua hiki kinanidai niondoke. Nimekiambia kingoje. Lakini Jabez, ukiniletea Nzuri tupu safari hii, hiyo medali utakuja kuitundika kaburini. Sina miaka kumi mingine ya kusugua msumari."

Jabez aliahidi. Njia nzima ya kurudi alizihesabu zile siku upya, maana alijua ni kweli.

Sasa basi, Krismasi. Siku hiyo kwenye manowari sheria hulegea kidogo. Kila meza hupambwa kwa karatasi za rangi, picha za wake na akina mama husimamishwa kati ya sahani, na saa sita kamili nahodha na maafisa wake hupita meza kwa meza nyuma ya bendi, wakionja pudini ya kila meza. Kuonja ni lazima. Meza ambayo pudini yake nahodha ameonja mara mbili huringa mwaka mzima.

"Mwaka huu mpishi ni wewe," alisema Enoch Sprake, jitu la Kisiwa cha Wight lenye mikono ya kuvutia nanga. "Ile ya mama yako. Uliyotuletea kipande mwaka juzi."

"Mimi nina siku zangu nane nimalize salama. Nitafute kulaumiwa kwa pudini?"

"Pudini imemfunga nani, bwana wee? Koroga unga, tia zabibu."

Wenzake wote wakamkazia macho, na ukweli ni kwamba Jabez mwenyewe alikuwa anatamani. Ile pudini aliijua kwa moyo. Unga, mafuta ya figo ya ng'ombe, zabibu kavu, sukari guru, maganda ya chungwa. Akaichanganya, akaifunga kwenye kitambaa, akaichemsha jikoni siku nzima ya tarehe ishirini na tatu, ikatoka nyeusi, nzito, imetulia kwenye beseni kwa heshima zake. Jabez akaonja kipande cha pembeni. Uso ukamshuka.

"Imekosa dawa."

"Dawa gani?" Enoch akauliza.

"Mama akishaipua huinyunyizia dawa yake ya kifua. Iko kwenye mtungi wa mawe, nyuma ya sanduku la makaa. Watoto tulikatazwa kuugusa."

"Inanukaje?"

"Kali! Ukiinusa unapiga chafya. Mimi nililamba kijiko siku moja. Inachoma koo, halafu kifua kinapata joto, halafu unawapenda watu wote."

Enoch alimtazama kwa huruma nyingi. "Jabez, ndugu yangu, umekuwa baharia miaka ishirini na sita."

"Kwa hiyo?"

"Hapana, nimehesabu tu."

"Enoch! Unataka kusema nini juu ya mama yangu?" Jabez akainuka na mwiko. "Mama yangu ameweka ahadi! Iko ukutani!"

"Nimesema kitu mimi? Mama yako malaika. Nasema tu kwamba humu melini kuna dawa inayofanana nayo sana, na hugawiwa kila adhuhuri kwa amri ya Malkia."

Jabez akaketi. Wakongwe wa Meza ya Kumi na Nne walipewa ramu kavu, isiyotiwa maji, ila kwa sharti moja: inywewe papo hapo mbele ya macho ya watu. Kuiondoa pale, kuiweka, au kuitia kwenye kitu kingine ilikuwa kosa, na kosa lolote wiki ile lingeila Sana yake bila mchuzi. Alikaa nusu saa nzima akiitazama pudini, nayo ikimtazama. Mwishowe fahari ya mpishi ikaishinda akili ya baharia. Kesho yake adhuhuri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, Jabez hakugawa ramu yake. Aliinua kikombe mdomoni, akajifanya anameza, akageuka, na aliporudi mezani kikombe kilikuwa kitupu na pudini inameremeta. Kikombe kimoja. Nani angejua?

Asichojua yeye ni kwamba wenzake kumi na mmoja walikuwa wamemhurumia. Kwa miaka yote waliyokaa naye walikunywa ramu yake, na sasa mzee anataka pudini yake iwe kama ya mama. Kwa hiyo Enoch, alipoona hakuna mtu, akafunua kitambaa, akatoboa pudini kwa sindano ya kushonea tanga, akamimina kikombe chake. Baadaye kidogo akaja wa pili, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoboa, akamimina. Kisha wa tatu. Kila mmoja peke yake, kila mmoja akijiona ndiye pekee mwenye moyo wa shukrani humo melini. Jioni ya mkesha yule wa mwisho alipofunua kitambaa, macho yakamtoka machozi, naye akadhani ni uchungu wa kukumbuka nyumbani.

Siku ya Krismasi bendi ikaja na ngoma zake, mabaharia wakisimama kando ya meza, nywele zimelowanishwa na kuchanwa. Nyuma ya bendi alikuwa Nahodha Lyddon, mtu mnene mwenye roho nyepesi, ambaye baada ya kuonja pudini kumi na tatu alikuwa anapumua kwa shida. Nyuma yake alikuja msaidizi wake, Bwana Oldershaw, mwembamba, mkavu, asiyecheka. Oldershaw alikuwa katibu wa chama cha wasiokunywa cha bandari nzima. Alikuwa na kadi ya ahadi kama ya Bi Keturah, na inasemekana alilala nayo chini ya mto.

Jabez alikuwa ameisimamisha picha ya mama yake katikati ya meza. Mama alipigwa picha hiyo akiwa na meno mabovu, kwa hiyo mdomo ameubana, na jicho lake lilimfuata mtu popote alipokwenda.

Nahodha akachota kijiko cha adabu. Akakitia mdomoni. Akasimama. Masikio yake yakabadilika rangi, kwanza moja, halafu la pili.

"Hii ni nini?"

"Pudini, Afande."

"Naona ni pudini." Akachota cha pili, kikubwa. Meza ya Kumi na Nne ikashusha pumzi kwa pamoja. Akachota cha tatu. "Oldershaw, hebu onja."

Oldershaw akaonja kama anayeonja sumu. Akatafuna, akatulia, kisha uso wake ambao haukuwahi kulainika tangu meli ilipoundwa ukaanza kulainika kuanzia kwenye nyusi.

"Ina joto," akasema. "Ina joto la ajabu. Nini hiki?"

Jabez akamtazama mama yake pichani. Mama yake akamtazama. "Ni... ni dawa ya mama yangu, Afande. Ya kifua."

"Mimi nina kifua!" alisema Oldershaw kwa msisimko. "Nina kifua kibaya sana! Nipe sahani."

Akapewa sahani. Akaimaliza kwa kasi, akaomba nyingine, na alipomaliza ya tatu alimshika Enoch bega akamwambia kwamba anampenda, na kwamba siku zote alimpenda, ila kazi haikumpa nafasi ya kusema. Kisha akawageukia mabaharia wote. "Hii ndiyo Krismasi! Mnaona? Mtu anaweza kufurahi bila tone la kileo!" Watu wakapiga makofi mpaka picha za akina mama zikaanguka. Oldershaw akapanda juu ya meza, akavuta suruali kidogo, akacheza ile ngoma ya mabaharia ya kurusha miguu, naye aliicheza vizuri kupita watu wote wa melini, kumbe alikuwa ameificha miaka yote. Wakambeba mabegani wakamzungusha sitaha nzima akiimba nyimbo za kanisa kwa mwendo wa haraka.

Jabez alibaki mezani na kipande kidogo kilichosalia kwenye beseni. Akakionja. Akaweka kijiko chini.

"Enoch," aliita kwa sauti ndogo. "Mimi nilitia kikombe kimoja tu."

Enoch akatazama dari.

Siku sita zilizofuata Jabez hakula. Oldershaw alionekana tena tarehe ishirini na saba, mweupe pe, akitembea taratibu kana kwamba kichwa chake ni sufuria iliyojaa. Na tarehe thelathini na moja, saa nne asubuhi, jina likaitwa: Pannell, kwa nahodha.

Cheti kilikuwa mezani. Kalamu ilikuwa mkononi. Oldershaw alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo.

"Pannell," alisema Nahodha Lyddon. "Mwaka wa kumi huu. Nimepekua, sioni doa. Nina swali moja tu kabla sijaandika. Kwenye ile pudini mlitia nini?"

Jibu lilikuwa limeshatengenezwa. Dawa ya kifua. Oldershaw mwenyewe alilikubali mbele ya watu mia tatu. Maneno matatu tu, na msumari wa mama yake ungepata medali yake. Jabez akafungua kinywa, na akaona ile sebule, ile kadi, yule kikongwe anayesugua shaba kwa macho ya ukungu. Akaona itabidi apite chini ya ile medali kila siku akijua imetundikwa kwa uongo. Akataka kulia.

"Ramu, Afande," akasema. "Niliitoa mezani nikaitia mimi. Kikombe kimoja."

"Kimoja?" Nahodha akainua nyusi. "Bwana Oldershaw amelala siku mbili kwa kikombe kimoja?"

Mlango ukagongwa. Enoch Sprake akaingiza kichwa. "Samahani, Afande. Nimepita tu njia. Kimoja kilikuwa changu."

"Na changu," ikasema sauti nyuma yake.

"We! Na wewe ulitia?"

"Kwani wewe ulitia?"

"Mimi nilidhani niko peke yangu!"

Wote kumi na mmoja walikuwa kwenye ukumbi, wamekuja kusikiliza mlangoni, na sasa wakaanza kugombana pale pale nani alianza. Nahodha akahesabu kwa ncha ya kalamu mpaka kumi na mbili. Kisha akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na ilimchukua muda kuiondoa.

"Jambo hili," akasema alipoweza, "linapaswa kuandikwa kwenye kitabu cha meli. Na nikiliandika, niandike pia waliokula. Mimi vijiko vitatu. Bwana Oldershaw sahani tatu, na ngoma. Kitabu kinasomwa na wakubwa wa makao makuu. Unasemaje, Bwana Oldershaw?"

Oldershaw hakugeuka. Aliendelea kuitazama bandari.

"Nilichokula mimi, Nahodha," akasema hatimaye, "kilikuwa dawa ya kifua. Na kifua changu hakijawahi kuwa na hali nzuri kama hii."

Nahodha akachovya kalamu. Akaandika Nzuri. Jabez aliisoma ikiwa chini juu, herufi kwa herufi, na pale baada ya herufi ya mwisho kalamu ikainuka, ikakaa hewani, ikaenda kuchovywa tena bila haraka. Wino ulikuwa umekauka tu. Nahodha akaandika Sana.

"Hiyo ni kwa sababu nimekuuliza na umeniambia," alisema. "Na hao wapita njia wako kumi na mmoja watasugua sitaha mpaka Pasaka."

Walisugua wakiimba.

Medali ilifika Machi. Jabez aliivishwa mbele ya meli nzima, Enoch akipiga mluzi wa vidole kinyume cha sheria zote, na mchana ule ule akavuka kwa kivuko kwenda Gosport akiwa ameishika mfukoni asije akaidondosha majini. Bi Keturah alikuwa kwenye kiti chake, na alikuwa amepungua. Shali lilimzidi. Jabez akamwekea medali kiganjani. Mama hakuiona vizuri, lakini akaipapasa upande wenye meli, akaipapasa upande wenye kichwa cha Malkia, kisha akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, palipochongwa jina la mwanawe, akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka akafika mwisho.

"Pannell," akasema. "Wameandika kwa L mbili. Vizuri." Akamnyooshea. "Tundika."

Jabez akaenda ukutani. Akafika mbele ya msumari, mkono ukagoma.

"Mama, kabla sijaitundika kuna kitu. Krismasi nilipika pudini yako. Sikuwa na ile dawa. Nikatia... nikatia ramu, Mama. Mimi na wenzangu. Vikombe kumi na viwili."

Makaa yakadondoka motoni.

"Pudini ya ukubwa gani?"

"Ya watu kumi na wawili."

"Kumi na viwili!" Bi Keturah akapiga mkono wa kiti. "Mmechanganyikiwa? Vitatu vinatosha, vinne ikiwa mchungaji atakuja!"

Jabez akageuka polepole. Akamtazama mama. Akaitazama kadi ya ahadi. Akamtazama mama tena.

"Usinitolee macho. Kadi inasema kunywa. Mimi sijanywa. Nimekula." Kikongwe akarekebisha shali kwa heshima. "Na mchungaji miaka thelathini amekula sahani mbili mbili, hajawahi kuuliza. Tofauti yetu mimi na wewe, mimi sikuwahi kuulizwa. Kwani wewe ulipoulizwa ulisemaje?"

"Nilisema kweli."

"Basi tundika, unangoja nini?"

Jabez akaitundika. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mama yake akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akamsubirisha mwanawe kwa kidole, akakohoa, akaendelea kucheka pale alipoishia. Walipotulia, Jabez aliegemea goti la mama yake kama alipokuwa mdogo, wote wawili wakiitazama medali. Ndipo akauliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza.

"Lakini zile tatu, Mama. Hata moja hukuipenda?"

Mkono wa Bi Keturah ulimtafuta kichwani ukamkuta.

"Zile ni mara tatu nilizokulilia ukiwa hai," akasema. "Kila nikiziona, nalia tena. Ndiyo maana ziko nyuma ya mlango. Hii ni miaka kumi ya barua za soksi. Miaka kumi nimelala najua uko wapi. Hii naweza kuitazama."

Jabez akaushika ule mkono mwembamba, akauweka shavuni, machozi yakaingia kwenye ndevu. Mama akamwachia alie, halafu alipoona inatosha akamsukuma begani.

"Haya, mshika usukani. Simama. Nyuma ya sanduku la makaa kuna mtungi. Lete na vijiko viwili."

"Mama! Hakuna pudini."

"Kuna kifua."

"Kinakusumbua?"

Bi Keturah akageuza macho yake ya ukungu upande wa msumari, pale kitu kilipokuwa kinang'aa, akatabasamu kwa meno yote machache aliyobakiwa nayo.

"Sana," akasema.